Mlevi, Swaumu na Mabati ya Goba

Nakutegea hiki, na usikurupuke kujibu: nina mgeni nyumbani, chakula chake ni tonge moja tu kwa siku, lakini tangu aje ghala langu limekauka. Ni nani huyo? Ukishindwa, mji nitauchagua mwenyewe, na sitataka kijiji cha mbali, nitataka Kimara nzima na stendi yake. Basi liweke jibu lako chini ya ulimi, nami nikusimulie yaliyotupata sie mwaka huu, maana hata sasa nikiyakumbuka moyo unanidunda kama wa msichana.

Mie naitwa Hamisa. Naishi Kimara na mjukuu wangu Jamali na mkewe Najma, katika vyumba vitatu vya kupanga. Jamali nimemlea mwenyewe, na kwa utani wetu wa Pwani yeye ni mume wangu. Kwa hiyo Najma ni mke mwenzangu, na tunamgombania kwa zamu. Huyu bwana wetu anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Wazo. Kila siku anatoka Kimara, anapanda vilima vya Goba, anashuka Madale mpaka kazini, na jioni anarudi njia ile ile.

Hapo katikati ya njia, Goba, ndipo zilipokuwa roho zetu. Tuna kiwanja pale, na juu ya kiwanja lipo boma la nyumba: kuta zimesimama, madirisha yako wazi, na juu unaona mbingu. Mwenye nyumba wetu wa Kimara alikwisha kutuambia kwa upole kwamba mwanawe anaoa, na mwezi wa tano anavitaka vyumba vyake. Na masika, unayajua mwenyewe, hayabishi hodi. Yakikuta chumba hakina paa yanakifanya kisima. Najma alikuwa ameweka benki milioni nane za mabati, mbao na fundi. Zilikusanywa kidogo kidogo, nyingine kutoka mshahara wa Jamali, nyingine kutoka kwenye cherehani yake yeye, magauni ya watu na sare za shule. Neno la Najma lilikuwa moja, asubuhi na jioni: tuezeke kabla ya mvua.

Akatokea Mlevi kututia majaribuni.

Mlevi ni gari la Jamali. Ni la zamani, kubwa, viti vyake laini kama makochi ya ukumbini, na injini yake ina silinda sita. Jina nilimpa mie, kwa unywaji. Akipita kituo cha mafuta unamwona kabisa anageuza shingo. Akipanda mlima wa Goba ananguruma mpaka abiria wanaona haya, kwa sababu unaisikia hela ikiungua. Ndiyo maana Adelard, kijana wa kazini kwake, na wenzake wawili waliokuwa wanapanda naye kila asubuhi, walikuwa wanatoa hela ya mafuta wenyewe bila kuambiwa. Ilikuwa inawatoka kwa huruma. Na ndugu akija kuazima gari, Jamali alikuwa na jibu moja: "Chukua, ila jaza mafuta." Ndugu akisikia hilo neno jaza, anakumbuka ghafla kwamba mjini kuna bajaji.

Sasa Jumapili moja ya mwezi wa pili nimekaa barazani napepeta mchele, naona kigari kidogo cha rangi ya fedha kinaingia uani. Kinaingia, lakini sikisikii! Kimeteleza kama paka. Kikasimama mbele yangu, kimya. Akatoka Lusungu, Mnyakyusa mmoja wa Tukuyu, mfanyakazi mwenzake Jamali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole, gari limekuzimikia."

"Halijazimika, bibi! Liko hivyo. Lina mafuta na lina umeme wake. Likisimama linanyamaza, halili kitu."

Nikauacha ungo. Nikalizunguka. Nikaliwekea mkono kwenye boneti kama mganga anayempima mgonjwa. Kweli lilikuwa hai, na kweli lilikuwa kimya.

Jamali akatoka ndani na kikoi chake, macho yamemtoka. Lusungu alikuwa amepata kazi kwao Mbeya, na kwa matope ya milima yao alitaka gari la juu. Hili alikuwa analiuza.

"Braza," akamwambia Jamali, "hii kitu mafuta inanusa tu. Lile lako la pale ukutani likinywa lita tatu, hii inakunywa moja na inakushukuru. Unauza lako, unaongeza kidogo, unachukua hii."

"Kidogo ngapi?"

Lusungu akataja. Jamali akaniangalia mie, mie nikamwangalia Najma aliyesimama mlangoni na sindano mdomoni. Hiyo nyongeza ilikuwa milioni nane. Yaani paa letu zima.

Najma akaitoa sindano. "Na bati?"

"Mke wangu, bati ndiyo hizo hizo!" Jamali alikuwa anarukaruka kama mtoto aliyeona kuku wa sikukuu. "Hii gari inajilipa yenyewe. Hela ya mafuta nitakayokuwa siitumii, hiyo ndiyo itakayoezeka. Kila mtu kazini anasema hivyo, inajilipa!"

"Gari ina mshahara?"

"We nisikilize kwanza."

Lusungu akaingilia kati, mtu wa amani. "Msigombane, shemeji. Kaeni nayo mwezi mzima, bure. Mie naenda Mbeya kutafuta nyumba. Nikirudi kuchukua familia, Jamali ananijibu neno moja tu. Unachukua, huchukui?"

Akaacha funguo mezani, akapanda bodaboda akaenda zake, na swali lake likabaki limekaa nasi pale kama mtu wa nne wa nyumba.

Kigari nilikipa jina siku hiyo hiyo. Nikakiita Swaumu, kwa kufunga kwake.

Jamali hakuwa mtu wa maneno matupu. Kesho yake alikwenda kwa fundi seremala akarudi na kibubu cha mbao, kina tundu jembamba juu, hakina mlango. Akakiweka juu ya kabati na kutangaza: "Nitakuwa natenga hela ile ile niliyokuwa namnywesha Mlevi. Swaumu ananywa chake, kinachobaki kinaingia humu. Mwezi ukiisha tunakivunja mbele ya ukoo, muone wenyewe."

"Na tukivunja tukakuta upepo?" Najma akamuuliza.

"Utakuta mabati, mama. Mabati!"

Ah, wiki ile ya kwanza! Nakuapia sijapata kuona raha kama ile. Jamali alikuwa anarudi jioni anaimba tangu nje. Anaingia, hajavua viatu, anachomeka noti kwenye kibubu, anakitikisa sikioni kwangu. "Bibi, unasikia? Hizo ni misumari!" Kesho yake: "Bibi, hizo ni kofia za paa!" Hata Najma, aliyekuwa amenuna, nikamwona anakinyanyua kibubu mtu asipomtazama, anapima uzito wake kwa kiganja. Wiki ilipoisha Jamali akasema zimeingia elfu sitini na kitu. Elfu sitini, mwenzangu, zilizokuwa zinatoka moshi kwenye bomba la Mlevi!

Nami nilipanda Swaumu mpaka Madale kumwona shoga yangu. Tukafika kwenye foleni, kimya. Hakuna kutetemeka, hakuna kunguruma. Nikamtegea Jamali palepale: "Kasimama, kanyamaza, na si maiti."

"Swaumu kwenye foleni!" akajibu, tukacheka mpaka dereva wa jirani akatuchungulia.

Furaha ikitujaa sie watu wa Pwani hatujui kuifungia kabatini. Tuna kundi la ukoo kwenye simu, wamo watu kutoka Kimara mpaka Temeke, wamo wa Bagamoyo na wa Kigamboni. Nikashika simu nikawatumia sauti yangu: "Jamani eeh, assalaam aleykum, mume wangu kapata gari halili mafuta! Limetoka Kimara likaenda Wazo likarudi, mshale haujasogea! Mashallah semeni!"

Wakasema mashallah. Walisema wote. Halafu wakaanza kupiga simu.

Wa kwanza alikuwa binti yangu Najat, shangazi yake Jamali, anayekaa Temeke. Ana mdomo wa kuuza karanga zilizooza na mteja akarudi kesho. "Jamali, baba yangu, kuna posa Kigamboni Jumamosi. Tuna watu wanne na sinia mbili. Na kwa vile gari yako haili mafuta..."

Jamali akaenda. Alitoka Kimara mpaka Temeke, Temeke mpaka Kigamboni, akarudi nyumbani giza limeingia, ananukia pilau.

"Walichangia mafuta?" Najma akauliza.

"Kidogo hivi, mke wangu... kwa kweli hawakuchangia. Lakini linakula nini bwana, hata halikuhisi."

Jumapili ikawa arubaini Bagamoyo. Mie nilikuwa mbele, nimefunga mkanda, nimejitanda. Jumatatu binamu yake akaliazima kwenda kuchukua keki Sinza. Zamani angesikia jaza mafuta, angekimbia. Safari hii alimwambia Jamali mwenyewe, "Kaka, si umesema halili? Sasa nijaze nini?" Akalirudisha jioni, taa ya mafuta inawaka nyekundu kama jicho la mlinzi. Jumatano Najat tena, mashine yake ya kukuna nazi imeharibika, ipelekwe kwa fundi Mbagala. Ijumaa baba yake mdogo, Suleiman, anataka kuswali msikiti wa mbali kidogo kwa sababu imamu wake ana sauti nzuri.

Ngoja nikwambie na la Adelard, maana hilo nililisikia kwa masikio yangu. Asubuhi moja naenda tena Madale, mie mbele, wao watatu nyuma. Tunapanda mlima wa Goba. Mlevi hapo angelia kama ng'ombe wa kuchinjwa. Swaumu anapanda anaguna kidogo tu, adabu tupu.

"Jamali, braza," Adelard akasema, "hii gari ni noma. Tumefika hapa mshale umekaa pale pale."

"Si nilikwambia?"

"Sasa nina ishu moja. Mlevi nilikuwa namchangiaga kwa sababu namwonea imani. Huyu nimchangie nini? Hewa?"

Wenzake wakapasuka kicheko. "Mletee feni, Adelard!" mmoja akasema.

Jamali naye akacheka, tena kwa fahari, mabega yamepanda juu. Utamdaije mtu hela ya mafuta ya gari ambalo wewe mwenyewe unajisifu halili mafuta? Tangu asubuhi hiyo hakuna aliyetoa hata mia. Niliposhuka Madale nilimwona Jamali anawaangalia kwenye kioo, mdomo umefunguka kutaka kusema neno, halafu ukafungwa. Sifa ni tamu, lakini zinamziba mtu koo.

Nyumbani kibubu kikaanza kukosa haki yake. Jamali akawa anaingia polepole, anavua viatu kwanza. Siku nyingine anachomeka noti moja. Siku nyingine anakipapasa tu kama anamsalimia mgonjwa. Jioni moja nilimsikia anamnong'oneza Najma amkopeshe elfu ishirini za mafuta.

"Za mafuta ya nani?" Najma akauliza kwa sauti ya nyumba nzima. "Mlevi yuko ukutani na vumbi lake!"

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Goba. Najma akawa kila asubuhi anatoka uani, anayatazama, anarudi kwenye cherehani yake na kuikanyaga kwa hasira. Alikuwa amekwisha kuchagua dirisha la chumba kipi ataiweka cherehani hiyo. Jamali hakusema anachukua, wala hakusema hachukui. Jioni alikuwa anatoka na kitambaa kumfuta Swaumu vioo, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto mafua. Nikajua mume wangu amependa. Na mtu akipenda, hesabu unazisomea mlima.

Ikafika Jumamosi ya kuvunja kibubu. Jamali alitaka ukoo ushuhudie, kwa hiyo asubuhi na mapema, sikia kichekesho hiki, aliwasha gari akaenda mpaka Temeke kumchukua Najat aje aone jinsi tulivyookoa mafuta!

Tukakaa sebuleni. Najma akaleta nyundo. Jamali akapiga mara moja, mbao ikapasuka, noti zikatawanyika kwenye mkeka.

Hazikutawanyika sana. Hazikufika hata kwenye pindo la kanga yangu.

Najma akaziokota, akazipanga kwenye goti. Zilikuwa zile za wiki ya kwanza, elfu sitini na kitu, na juu yake vijinoti vya kununulia vitumbua.

"Mwezi mzima," Najma akasema.

"Mwezi wenyewe haukuwa wa kawaida," Jamali akasema.

"Kulikuwa na posa," Najat akamsaidia, anakula tende.

Hapo ndipo nilipogonga goti langu. Umekipata kile kitendawili changu? Mimi ndipo nilipokipata! Mgeni anayekula tonge moja na ghala likakauka ni Swaumu. Mlevi alikuwa anakula sana, ndiyo, lakini alikuwa analishwa na wengi, na wengi walikuwa wanamwogopa. Huyu asiyekula akawa anatumwa na mji mzima, na mlishaji amebaki mmoja.

Nikawaambia hivyo. Najat akacheka mpaka tende ikampalia. Jamali hakucheka. Akasimama, na nakwambia alisema neno la maana.

"Lakini kosa si la gari, bibi! Gari limefanya kazi yake. Wiki ile ya kwanza si mliona? Kosa ni la ndugu na wale wachoyo wa kazini. Nikilinunua likawa langu, nitaweka sheria. Mwisho! Hakuna kuazima."

"Haya," Najma akasema, na sauti yake ilikuwa laini, hakuwa anagomba. "Tuseme umeweza. Tuseme ndugu zako wote wamehamia Zanzibar. Kila wiki inakuwa kama ile ya kwanza. Kwa mwezi haifiki laki tatu. Milioni nane zitarudi lini? Masika haya yatapita. Ya mwakani yatapita. Yale ya mwaka unaofuata yatatukuta wapi, Jamali? Mwenye nyumba anataka vyumba mwezi wa tano."

Jamali akafungua mdomo. Simu yake ikaita.

Alikuwa Suleiman. Sauti ya yule mzee huhitaji kuisogelea simu, inasikika mpaka jikoni.

"Jamali! Uko wapi? Kuna mbuzi nimemnunua Kibamba, mdogo tu, anakaa vizuri kwenye kiti cha nyuma..."

Sebule nzima ikamtazama Jamali. Najma ameweka mikono kiunoni. Mie nimeshika kidevu. Jamali akajikaza, akavimba kifua.

"Baba mdogo, shikamoo. Sikiliza, kuanzia leo..." Mzee akamkatiza. "Ndiyo. Eeh. Hapana, hapana, si usumbufu. Saa ngapi? Sawa, baba."

Yallah! Tulicheka mpaka Najat akalala chini kwenye mkeka. Najma alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Jamali mwenyewe, simu mkononi, akaanza kutikisika mabega, akashindwa, akakaa chini akacheka na sie. Lakini alipomaliza alijifuta macho, na uso wake ukawa mzito.

Wakati huo huo mlangoni: "Hodi wenyewe!"

Alikuwa Lusungu, amefika alfajiri kutoka Mbeya kwa basi. Akatusalimu wote, akaona kibubu kilichopasuka, hakuuliza. Mtu wa haya. Akamgeukia Jamali.

"Braza, kuna jamaa wa Tegeta ana hela mkononi, amenipigia mara tatu njiani. Nimemwambia mwenye haki ya kwanza ni wewe. Sasa, unachukua, huchukui?"

Jamali akamtazama Najma. Najma akatazama pembeni, hakutaka kumjibia. Mke mwenzangu ana adabu hiyo. Jamali akatazama nje, pale Swaumu aliposimama anang'aa.

"Twende Goba kwanza," akasema. "Nataka nikaone boma kabla sijakujibu."

Tukajipakia. Lusungu kashika usukani, Jamali mbele, sie wanawake watatu nyuma tumebanana kama vitumbua kwenye sahani. Njiani Najat akauliza kama tutapitia dukani. Upande wa Wazo mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya sufuria. Simu ya Lusungu ikaita, akaitazama, akaizima.

Tulipofika, tone la kwanza likanipiga utosini.

Tukakimbilia ndani ya boma. Ndani! Nasema ndani kwa mazoea tu, maana ndani na nje palikuwa pamoja. Mvua ikashuka kwa kishindo cha mara moja, kama mtu amepindua pipa. Najat akajifunika begi kichwani. Mie nikasimama chini ya linta ya mlango, nimebana ukuta. Najma hakujificha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile chumba cha dirisha la mashariki, akasimama pale atakapoiweka cherehani, akatazama maji yanavyokusanyika miguuni kwake. Yalikuwa yamefika kwenye vifundo. Akavua kanga yake ya juu, akaitandaza juu ya kichwa kwa mikono miwili, akainyoosha kutoka ukuta mpaka ukuta kadiri mikono yake ilivyofika, kama anapima.

"Hapa," akasema, hakumwambia mtu. "Mpaka hapa pangekuwa pakavu."

Jamali alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, maji yanamtiririka kwenye pua, shati limemganda mgongoni. Alimtazama mkewe chini ya kile kipande cha kanga. Akatazama juu, mvua ikampiga machoni, hakuyafumba. Kupitia dirisha tupu nilimwona Swaumu amekaa barabarani ananyeshewa, vioo vyake vimesafika bila kufutwa na mtu, mzuri kweli kweli, sitasema uongo.

Lusungu alikuwa amebanana nami mlangoni. Simu yake ikaita tena. Akapaza sauti juu ya mvua.

"Jamali! Huyu wa Tegeta ananipigia tena! Nimwambie nini? Unachukua, huchukui?"

Jamali akajipangusa uso kwa kiganja, akacheka. Kilikuwa kicheko kile cha wiki ya kwanza, cha mtu anayeingia nyumbani anaimba.

"Sichukui!" akapiga kelele. "Mwambie aje na hela yake! Ila kabla hujampa funguo, braza, washa gari tuwahi duka la mabati, halijafungwa!"